Bata Zote Kumi na Moja

Juzi mutoto wangu wa kike alinunua bata, akaimwagia maji ya moto kwenye beseni pale uani, akaanza kuinyonyoa. Mi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nachambua mboga ya lengalenga, nasema utani wangu wa kila siku. Ile harufu ya manyoya yaliyolowa ikanifikia. Wenye umri wangu munaijua: ni kama blanketi ya mutoto muchanga, na matope, na misumari ya kutu, vyote pamoja. Utani ukanikatikia mudomoni. Mutoto akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamujibu apana, ni jino tu. Jino lenyewe nililing'oa mwaka juzi.

Hii habari ya bata nimeisimulia mara mingi, kwenye harusi, kwenye matanga, hata kwenye foleni ya maji, na watu wanachekaka mpaka wanajipiga mapaja. Lakini naikatiaka pale panapochekesha, halafu najifanya naenda kukojoa. Leo siendi kukojoa.

Kwetu ilikuwa mutaa wa Bwiza, ndani ya rupango, ni kusema uwanja wa kuzungushiwa ukuta wa matofali, ukuta moja na jirani yetu Mama Shabani. Baba yangu alikuwa zamu, mulinzi wa depo moja kule kwenye viwanda, upande wa bandari. Mama alifuga bata. Wanawake wengine wa Bwiza waliuza vitenge, pombe, mukate. Mama yangu aliuza bata na mayai ya bata, na alinuka bata, na mimi nilinuka bata, na shuleni nilikaa kwenye benchi peke yangu kama mutoto wa balozi. Chini ya ukuta kulikuwa tundu ambapo mufereji wa barabara ulipita ndani kwetu na kutokea upande wa pili. Watu wengine mufereji kama huo wangeuziba. Mama alisema Mungu ametuletea ziwa mpaka mulangoni.

Siku moja baba alirudi asubuhi kutoka zamu, tumbo la koti limevimba. Nilifikiri ni mukate. Akafungua kifungo moja, kukatoka pua. Kambwa kadogo, macho ndio yanafunguka, katoto ka yule jike aliyelinda depo pamoja na baba. Mama akakaangalia, akasema, "Hii itakula bata zangu." Baba akasema, "Itakula kile utakachoifundisha."

Jina alilitoa mama. Kwa sisi Warundi mbwa inapewaka jina ambalo jirani anatakiwa kulisikia. Huwezi kugombana na mutu kila siku, utachoka. Unaita mbwa tu, jirani anajua ni yeye. Mama akaiita Baravuga, maana yake "wanasema". Kila jioni alisimama karibu ya ukuta, akapaza sauti, "Baravuga! Baravuga, njoo!" na upande wa pili Mama Shabani akajibu, "Nimesikia, Mama Fina! Na hiyo najisi yako isipite kwangu, leo nishaoga mara mbili!" Mumewe, Baba Shabani, alikuwa fundi wa kushona, alicheka mpaka pini zikamutoka mudomoni. Walikuwa Waislamu, mbwa kwao ni uchafu, lakini Baba Shabani alikuwa anatupa mabaki ya nyama juu ya ukuta wakati muke wake amegeuka. Mimi alinipa vipande vya kitambaa. Nilivaa sketi ya rangi saba. Saa ile nilijiona malkia; leo najua nilikuwa kama bendera ya shirika la msaada.

Sasa, kuhusu mafundisho. Baravuga ilipofika miezi minne ilikamata kifaranga cha bata. Pengine ilikuwa inacheza. Kifaranga ndicho hakikujua kama ni mchezo. Mama hakupiga kelele. Alichukua kile kifaranga kilichokufa, akatafuta kamba ya katani, akakifunga kwenye shingo ya mbwa, chini ya taya, mahali mudomo haufiki. Akakiacha hapo. Hiyo ndiyo njia, wafugaji wa bata wote wanaijua. Siku ya kwanza Baravuga ilijivunia, ilitembea kama imevaa tai. Siku ya tatu kifaranga kilianza kutoa maji. Siku ya tano mbwa iliacha kula, inazungukazunguka yenyewe inataka kukimbia shingo yake. Inzi zilikuwa zinatembea nayo kama wasindikizaji wa bibi arusi. Nililia, nikamuomba mama aikate ile kamba. Akaniambia, "Unalia sasa ili usilie kesho." Siku ya tisa kamba ilijifungukia yenyewe, kwa sababu hakukuwa tena kitu cha kufungwa.

Baada ya hapo, ungeweza kuweka bata juu ya kichwa cha Baravuga. Nimefanya hivyo, nilikuwa mutoto mujinga na sikuwa na kazi. Vifaranga vililala kwenye tumbo lake. Mutu asiyejulikana akikaribia ukuta, ilikuwa inasimama katikati ya bata na mutu, nywele za mugongo zimesimama, haibweki sana, inaonyesha meno tu. Mama alisema huyo ndiye mufanyakazi pekee Bwiza asiyeiba. Usiku alifungwa kwenye mulango wa rupango. Alfajiri mama alikusanya mayai, ndipo akamufungua. Mumeona, mi pia nishaanza kusema "yeye".

Halafu vita ikaingia kwenye mutaa wetu. Sitawaeleza vita, munaijua, na mi sikuielewa wakati ule na hata sasa naielewa nusu, kama shule yangu. Nilisoma mpaka katikati ya mwaka wa sita, nusu ingine ilibaki na mwalimu. Nakumbuka tu ilikuwa asubuhi, risasi zilikuwa zinapita juu ya mabati kama mutu anapasua kuni, na mama ananivalisha nguo tatu moja juu ya ingine. Baba alikuwa kazini. Mpaka leo yuko kazini.

Mama alimufungua Baravuga, akamushika masikio mawili, akamuambia neno moja: "Linda." Bata zilikuwa kwenye mufereji zinakula, hazikugeuka hata kutuangalia. Nilizihesabu mara ya mwisho: kumi na moja. Baba Shabani alikuwa amekaa kwenye baraza yake, mukono juu ya mashine ya kushonea. Alimuambia muke wake, "Tangulia na watoto. Hii mashine siwezi kuibeba, na siwezi kuiacha." Akanipungia mukono. Tukavuka mupaka kwenda Uvira na sufuria moja na Mama Shabani anayesema dua njia nzima, na mimi nimevaa nguo tatu, jasho linanitoka, nafikiri tunaenda kutembea kwa jamaa.

Tulikaa kule karibu musimu wote wa mvua. Tuliporudi, Bwiza ilikuwa imekuwa mahali pengine. Nyumba zingine hazina milango, zingine hazina paa, watu wanatembea polepole wanaangalia chini. Nilifikiri wametupa vitu wanavitafuta.

Kwetu mulango wa rupango ulikuwepo. Mabati yalikuwepo. Na nyuma ya mulango kulikuwa Baravuga, sikio la kushoto limekatwa na panga mpaka nusu, kidonda kishapona, na amenenepa. Mungu wangu, alikuwa amenenepa! Nywele zinang'aa kama mutu amepaka mafuta ya mawese. Akajitupa chini mbele ya mama, akakojoa kwa furaha. Nyuma yake, zimepanga mustari kama wanafunzi, bata.

Nilizihesabu. Nilirudia. Kumi na moja.

Hesabu ndio kitu pekee nilichokijua vizuri, na mudomo wangu ndio kitu pekee kilichonizidi mbio. Mama hajatua sufuria, mi nishafika barabarani. "Zote ziko! Bata zetu zote kumi na moja! Baravuga hakula hata moja!" Nikapita nyumba kwa nyumba kama mutu wa matangazo ya mupira. Watu waliniangalia tu. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyesema pole wala hongera. Nilifikiri ni wivu, sababu wao bata hawana.

Mama Shabani, aliyetutangulia kurudi kutoka Uvira, alikuwa amekaa kwenye baraza yake, mahali mashine ilikuwa. Mashine haikuwepo. Akaniita.

"Fina. Kuja huku. Umesema zote?"

"Zote, Mama Shabani! Hata unyoya haujapotea!"

"Na huyo mbwa, anakonda?"

"Anakonda wapi! Amenenepa kama mutoto wa waziri!"

Akanishika mukono, akauangalia kama hajawahi kuona mukono wa mutoto. Halafu akaniachia. "Sawa," akasema. "Nenda kwa mama yako."

Nilienda nikirukaruka. Hapo ndipo naikatiaka hadithi, watu wakiwa bado wanacheka.

Kile ambacho watu wote wa mutaa walijua, na mi sikukijua, ni hivi. Wale wachache waliobaki walikufa, na walikaa barabarani na kwenye mufereji siku mingi, hakuna wa kuwazika. Waliporudi wa kwanza, walikuta mbwa zimekuwa na tabia ingine. Baba Shabani alipatikana kwenye mufereji, si mbali na tundu letu. Walimukusanya kwa beseni. Mama Shabani, muke wa Kiislamu, alitaka kumuosha mumewe kama dini inavyosema, hakupata mikono miwili ya kuosha. Alisema maneno ambayo nayasikia mpaka leo: "Nimemuzika nusu. Nusu ingine inatembea."

Shefu wa katie, mukubwa wa mutaa wetu, alikuja siku hiyohiyo jioni, jua bado kali, na kofia yake ya sufu ambayo hakuwahi kuivua. Alikuwa mutu mupole. Alikaa kwenye kigoda chetu, akakataa maji.

"Mama Fina, unajua nilichokifuata."

"Sijui."

"Mbwa iliyokimbia na mwenye wake inaishi. Mbwa iliyobaki huku peke yake inauawa. Tumekubaliana wote. Mutoto hawezi kucheza na mbwa iliyokula babake."

"Yangu haikula mutu."

"Ilikula nini?"

"Panya."

"Panya gani za kumunenepesha mbwa hivi?" Ilikuwa sauti ya Mama Shabani, upande wa pili wa ukuta. Hakuonekana. "Munijibu basi. Watu wenyewe walikula majani. Yeye alikula nini?"

Shefu akavuta kigoda karibu. "Sikia, mama. Mi siko mubaya. Nipe sababu moja tu. Mbwa ya yule muzee kinyozi tumeiacha, sababu ilikula mbuzi zake zote mbili, mifupa tumeiona kwa macho. Kama yako ingekula bata, ningesema basi, ilikula bata, tumalize. Lakini mutoto wako ametangaza mutaa muzima. Bata zote kumi na moja."

Wote wakaniangalia. Hata Baravuga aliniangalia, mukia unapigapiga chini, anafikiri tunamusifu.

Shefu akatoa siku mbili, mpaka Jumamosi, siku ya kazi ya pamoja ya kusafisha mufereji. Alipoondoka mama hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alikaa na Baravuga, akamutafutia kupe nyuma ya lile sikio la nusu, mpaka jua likazama. Huyo mbwa ndiye kitu cha mwisho kilichotoka ndani ya koti la baba.

Ijumaa muchana mama alienda kupanga foleni ya unga. Mi nikabaki na akili yangu, na akili yangu ilikuwa na miaka kumi. Shefu amesema kama mbwa ingekula bata, ingeishi. Basi mbwa itakula bata. Nikaona hesabu imenyooka kabisa, hata mwalimu angenipa kumi juu ya kumi.

Nikakamata bata tatu, moja baada ya ingine, nyuma ya choo. Kunyonga bata si rahisi kama mama alivyofanya ionekane. Shingo yake ni ndefu, inageuka na mukono wako, na jicho linakuangalia pande zote. Ya kwanza ilininyea. Ya pili nilidhani imekufa, nikaiweka chini, ikasimama ikatembea. Nilikuwa nalia na kuziomba msamaha kwa majina, sababu nilikuwa nimezipa majina yote ya walimu wangu. Ya tatu nilitumia jiwe.

Halafu nikamuita Baravuga. "Kula," nikamuambia. Akaja mpaka hatua tatu, akaona bata iliyokufa, akasimama. Nikaivuta ile bata mpaka kwenye pua yake. Akageuza uso. Nikamushika taya, nikamufungua mudomo kwa nguvu, nikaingiza shingo ya bata ndani. Akaanza kutetemeka mwili wote, akakojoa pale aliposimama, na akapeleka mguu wa mbele kwenye shingo yake mwenyewe, anakwaruza, anakwaruza, anatafuta kamba ambayo haiko. Hakuniuma. Meno yote yale yalikuwa juu ya mukono wangu na hakuniuma. Nikampaka damu kwenye pua, nikatawanya manyoya, nikakimbia barabarani, nikaanza tena kutangaza.

"Njooni muone! Baravuga anakula bata! Anakula bata, nimemuona!"

Walikuja. Walikuwa wengi, sababu siku zile hakuna mutu alikuwa na kazi. Shefu alikuja na kofia yake. Wakakuta bata tatu, moja kichwa kimepondwa na jiwe, na jiwe liko palepale. Wakakuta mbwa amejificha kwenye kona, anajilamba pua na kutapika. Wakakuta mimi, manyoya mpaka kwenye viwiko, na sketi ya rangi saba ambayo sasa ilikuwa na rangi ya nane.

Mama Shabani ndiye aliyecheka kwanza. Hatukuwa tumemusikia kucheka tangu turudi. Alicheka amejishika kiuno, amejiegemeza kwenye ukuta, "Yoo, huyu mutoto! Huyu mutoto ametuletea mbwa anayerusha mawe!" Watu wote wakacheka naye. Nami nikacheka, nikifikiri tumeshinda. Halafu kicheko chake kikageuka katikati, kikawa kile kilio cha matanga, na watu wakaacha kucheka moja moja. Akanifuata, akanishika kidevu kwa mukono wake mukavu.

"Unampenda hivyo?"

"Ndiyo, Mama Shabani."

"Mi pia nilimupenda wangu."

Akaenda kwake. Shefu akatazama chini, akasema, "Kesho asubuhi, basi," kama mutu anayeomba radhi.

Mama aliporudi bila unga, aliona zile bata tatu. Akachemsha maji. Akazinyonyoa zote, yeye na mimi, na ile harufu ikajaa uani. Nyama huwezi kuitupa.

Jumamosi Baravuga alikataa kutoka. Aliingia kwenye banda, akalala na bata zake nane, na mutu akikaribia anaonyesha meno. Wanaume wanne wakasimama na fimbo na majembe ya mufereji, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Askari walikataa kumupiga risasi. Risasi zilikuwa na kazi ingine. Shefu akamuambia mama, "Akikuja kwa sauti ya mwenye wake, itakuwa haraka. Hatateseka." Mama akafungua mudomo kuita lile jina alilolipaza kila jioni kwa kuchokoza jirani. Halikutoka. Alijaribu mara mbili.

Basi nikaita mimi. Nishawaambia, mudomo wangu unatangulia.

Alikuja mbio. Sikio moja na nusu, mukia unazunguka, akapita katikati ya wale wanaume bila kuwaangalia, akaja akaketi juu ya miguu yangu kama kawaida yake. Ilikuwa si haraka. Fimbo ya kwanza ilimupata mugongo, na hata hapo hakukimbia. Alijisukuma zaidi kwangu, anafikiri mimi ndiye natakiwa kulindwa. Ikabidi mutu anivute. Nilihesabu, sababu kuhesabu ndio nilijua. Nilifika kumi na nne, nikaacha.

Muchana wafanyakazi wa mufereji walikula zile bata kwetu, na mboga, na mama aliwapakulia wote sawasawa. Mi nilikula pia. Nilikuwa na njaa ya miezi, na nyama ilikuwa tamu, nikalamba vidole. Hiyo sehemu sijawahi kumuambia mutu.

Jumatatu alfajiri, mama alifungua banda. Sikumusikia akirudi, nikaenda kuona. Alikuwa amepiga magoti kwenye majani makavu. Mbele yake kulikuwa mayai manne. Jumanne yakawa matano. Jumatano matano tena, mengine chini ya mupapai, mengine kando ya tundu la mufereji, mahali pote pale Baravuga alikuwa analala. Mama alikuwa anafikiri bata ziliacha kutaga. Bata ikiogopa inafunga kutaga. Hata wanawake wengi walifunga damu ya mwezi kule Uvira. Kwa hiyo tuliporudi hakuuliza mayai. Nani angeuliza mayai wakati ule?

Alikaa chini, mayai kwenye kitenge, akaanza kuhesabu kwa vidole, siku na bata, siku na bata. Nilitaka kumusaidia. Alipofika mahali fulani akaacha, akafunika uso kwa kile kitenge, na yai moja likaanguka likapasuka, na hakuna aliyekuja kulilamba. Kumbe tulimufundisha asiguse bata. Mambo ya mayai hakuna mutu aliyemufundisha.

Alijaza kikapu, akaenda kwa Mama Shabani. Nilimufuata. Akakiweka mbele ya mulango.

"Ni nini hii, Mama Fina?"

"Ndicho alichokula."

Mama Shabani aliinama juu ya kikapu. Akachukua yai moja, akaligeuza, akalirudisha.

"Nilijua pengine ni kitu kama hicho," akasema.

"Ulijua?"

"Nikasema pengine. Wale waliomuua mume wangu nawajua kwa majina, Mama Fina. Wengine wananisalimia. Unataka niende niwakamate masikio niwalete kwa mufereji? Mbwa niliweza." Akasukuma kikapu kwa mguu, polepole, mayai yasipasuke. "Rudi na mayai yako. Usinikasirikie. Au nikasirikie, lakini si leo."

Mama hakumukasirikia. Hilo lilinishangaza sana, na nilipokuwa mutoto nililiona ni uoga. Walikaa majirani mwaka moja zaidi, wanasaidiana chumvi, lakini jioni hakuna aliyeita chochote juu ya ukuta. Halafu tukahamia mutaa mwingine, Cibitoke, sababu mama alichoka kuruka ule mufereji akienda sokoni. Shule niliiacha huko. Nilikuwa nauza mayai kwa mafundi wa magari, nikiwachekesha ili wanunue, na nikagundua mutu anayechekesha haulizwi maswali. Ndiyo kazi niliyofanya mpaka leo.

Mbwa wa pili tulimupata huko, jike, mwenye rangi ya majivu. Mama hakumupa jina la kusema na majirani. Alimuita Mbwa. Na alipokamata kifaranga, mama alileta kamba, akamufunga vilevile, siku tisa, sababu njia ingine hakuijua, na mi wakati huu nilikuwa na miaka kumi na sita na sikulia. Mbwa akawa mulinzi muzuri kuliko hata wa kwanza. Bata zilifika ishirini na mbili.

Siku mabomu yalianza kushuka kutoka milimani, tulifunga vitu haraka kuliko zamani, mutu anazoea. Mi nilikuwa nishatoka mulangoni na godoro kichwani, namuita mama, "Haraka basi, wewe, unaaga bata ao nini?" Nikarudi.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya Mbwa, amemushika taya kwa mikono miwili. Pembeni alikuwa ameweka bata moja, kubwa, ameikata shingo yeye mwenyewe, manyoya yametapakaa.

"Kula," alimuambia. "Unanisikia? Anza na hii. Halafu ingine. Kila wiki moja, na uache mifupa watu waione. Nikirudi nikikuta ziko zote, nitakuua mimi mwenyewe."

Mbwa alimulamba kidole. Mama akamusukuma pua kwenye ile damu. Akamusukuma tena, kwa nguvu, mukono juu ya shingo, huku bomu lingine linaanguka upande wa Kamenge, mutaa wa jirani, na vumbi linashuka kutoka kwenye paa. "Kula, mwanangu. Kula, nakuomba."

Mbwa akageuza uso, akaanza kutetemeka.